Mhehe Aliyekosa Namba Kikosini

Mpendwa mtani wangu,

Nakuandikia nikiwa nimeudhika, na sitajifanya vingine. Mtu akifa huombewa, na mimi nimekuombea. Kila Jumapili nawasha mshumaa wako mbele ya Mama Bikira, ingawa najua wewe na mishumaa ya kanisani hamkuwa mnaelewana. Lakini kukuombea hakunizuii kukulaumu. Umeondoka ukaniachia kazi isiyofanywa na mtu mmoja, kisha hata njia ya kuifanya ukaifunga.

Naiandika barua hii wazi, kila ajuaye Kiswahili hapa Durban aisome, kwa sababu utani haufanyiwi chumbani. Utani unataka mashahidi. Na wale wasioujua niwaambie kidogo, nawe univumilie. Wangoni na Wahehe walipigana zamani hadi wakachoka, na wajukuu wao tukaachiwa ruhusa ya kutukanana bila kugombana. Mngoni akimwita Mhehe mla mbwa, Mhehe hana ruhusa ya kununa. Atafute lake, aseme panya wote wa Songea wamehamia Malawi kwa kuogopa midomo yetu. Na penye msiba mtani ndiye mwenye kazi. Ndugu wanalia, majirani wanapika, mtani anamchekesha mfiwa. Lazima mfiwa acheke, hata mara moja, kabla hajaachwa peke yake na kilio chake. Mtani asipofanya hivyo ni kama hakuja.

Wewe kwangu ulikuja. Siku simu ya msiba wa mama ilipopigwa pale dukani ninaposhona mapazia, wenzangu walinipa pole na kunirudisha chumbani, nikajilaza nikitazama ukuta. Ukaingia bila hodi, ukanisalimu kwa Kihehe. "Kamwene, Mngoni." Ukakaa kitandani kwangu, ukaanza kulia kwa sauti kubwa kuliko yangu, ukijipiga mapaja, mpaka nikageuka kukutazama.

"Unalia nini wewe?" nikakuuliza.

"Nalia panya," ukasema. "Nani sasa atawachoma vizuri vile?"

Nikacheka. Mungu wangu anajua nilicheka, na nilipomaliza kucheka ndipo machozi ya kweli yakatoka, na ukanishika bega hadi yakaisha. Hilo ndilo nililokuwa nimekusudia kukurudishia. Si kwako, maana wewe umeshapita. Kwa mkeo.

Lakini nianze na ile mashine, maana ndiyo iliyotufikisha hapa.

Niliipata mtaa wa Morningside. Nilikwenda kushusha mapazia ya familia iliyokuwa inahamia ng'ambo, na mama wa nyumba akaniambia nichukue na kompyuta iliyokuwa chini ya ngazi, hawakuwa na nafasi ya kuibeba. Chumbani kwangu tulikuwa watatu na vyerehani viwili, hapakuwa na pa kuiweka. Nikaileta kwako Overport. Ukaipangusa vumbi na kuifungua kwa bisibisi kabla hata hujaiwasha, kwa sababu wewe fundi wa televisheni hukuwahi kuamini kitu mpaka umekiona utumbo.

Ndani yake ulifunguka mchezo mmoja tu, nao ni besiboli ya Wamarekani. Hatukuujua. Wewe ulisema ni kriketi iliyokosa adabu. Mimi niliona unafanana kidogo na rede waliyocheza dada zangu shuleni. Mmoja anarusha mpira, mwenzake anangoja na gongo, akiupiga anakimbia vituo vinne mpaka arudi alipoanzia, na wengine wamesambaa uwanjani wakimzuia. Hakuna kingine. Nasi wala hatukushika gongo. Tulikuwa makocha. Kazi yetu ilikuwa kuchagua nani acheze wapi, kisha mashine inacheza yenyewe, nasi tunatazama na kulalamika.

Tukaufanya mchezo wa Jumapili, kati ya misa yangu na swala yako ya alasiri. Mkeo alituwekea chai na kutuachia sebule.

Unakumbuka vile vikosi vya siku zote? Mashine ilikuruhusu kuchukua wachezaji bora waliowahi kuwapo tangu mchezo uanze, wazima na marehemu, ukawapanga pamoja kana kwamba waliishi siku moja. Ila kila ukimgusa mmoja, ilikuuliza: wa mwaka gani? Maana mtu huyo huyo alikuwa na mwaka wake wa ujana, na wa utu uzima, na wa kuaga. Ukaegemea kiti, ukafikiri kama kadhi.

"Mtu hukamilika mwishoni," ukasema. "Chukua mwaka wa mwisho."

Nikaona una busara. Hata kwetu mzee ndiye anayepewa kiti. Tukawachukua wote katika mwaka wao wa mwisho, mimi kikosi changu na wewe chako, na tukavipeleka vikacheze na vikosi vya mashine. Tulifungwa mpaka mashine ikausimamisha mchezo kwa kutuhurumia. Wazee watupu, wenye magoti. Mpira unawapita nao wanautazama kama mtu anayetazama taxi ambayo haendi nayo. Ilituchukua Jumapili kadhaa kugundua kwamba wenye mchezo wao humchukua mtu katika mwaka wake wa nguvu kuliko yote, na ulipogundua hukukubali kosa. Ulisema Wamarekani hawajui kuzeeka.

Baada ya msiba wa mama ndipo ulipogundua mahali pa kutengeneza mchezaji mpya. Unaandika jina unalotaka, unachagua sura, kisha unavuta mistari ya kijani: huu wa mbio, huu wa jicho, huu wa nguvu, huu wa mkono. Mstari ukirefuka, mchezaji anakuwa hodari zaidi. Ukaniita: "Mngoni, njoo. Huyo mama yako tumweke wapi?"

Hivyo ndivyo Wamarekani walivyofukuzwa. Tukawa na Wangoni wa Siku Zote na Wahehe wa Siku Zote. Aliye hai tulimkataa, kwa kuwa aliye hai bado anaweza kuharibu. Kila mmoja alitoa ushahidi juu ya watu wake, lakini mistari ilivutwa na mtani, kwa sababu nani atamnyima mama yake mzazi? Nami nikuambie leo, sijawahi kuzungumza habari za watu wangu hivyo tangu nilipotoka nyumbani. Hapa mjini hakuna aliyeniuliza. Mimi Mngoni, ambaye babu zetu walitoka nchi hii hii ya Natal, niliposhuka hapa mara ya kwanza nilijaribu maneno mawili matatu ya bibi yangu pale kwenye stendi ya taxi, na yule dereva akanijibu kwa Kiingereza. Ulinicheka mwaka mzima. "Nenda kadai shamba lenu, Mngoni, wamekuwekea." Lakini Jumapili uliniuliza: shangazi yako alikuwaje? Nikakuambia.

"Shangazi Sista anadaka," nilisema. "Miaka yote jikoni misheni hajavunja sahani."

"Hajavunja au hajakamatwa?"

"Mhehe, huyu ni mtawa."

"Ndiyo nasema. Mtawa haachi ushahidi." Ukavuta mstari hadi katikati, ukasita, ukauongeza kidogo. "Hiyo ni kwa sala zake. Asije akasema huko hatukumfikiria."

Nami nilikulipa kwa mama yako. Ulimtaka awe mrushaji, nafasi kubwa kuliko zote.

"Alikuwa anampiga kuku kwa mfuniko wa sufuria akiwa amekaa," ukaapa. "Kuku anakimbia, mama amekaa, na mtoto mgongoni."

"Mtoto nani?"

"Mimi."

"Basi ushahidi haufai. Ulikuwa mgongoni, uliona nini?"

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe nilimpa mkono mrefu wa kijani, kwa sababu ulinieleza pia jinsi alivyokuwa akicheka kuku akianguka, na mtu hawezi kuzua kicheko cha mama yake. Mashine haikuwa na sura za wanawake. Tukamchagulia yenye masharubu madogo kuliko zote.

Basi hayo tuliyafanya miaka, na miaka haikutosha.

Ukafa katikati ya wiki. Moyo, walisema. Habari zilipofika dukani ulikuwa umeshaoshwa, na nilipofika Sydenham kwa wakwe zako wanaume walikuwa wanakuinua. Sikuwa na nafasi ya kumweleza mtu. Nilijua tu kwamba ukivuka ule mlango kabla sijafanya kazi yangu, imekwisha. Nikasimama mlangoni, mkono huku na mkono huku, nikasema kwa sauti:

"Mnampeleka wapi huyu? Hajafa. Mimi namjua, Mhehe akiona kazi hujilaza. Mwekeni chini, wakati wa kula atainuka."

Kule nyumbani, mtani wangu, uani wangeangua kicheko huku wanafuta machozi, na shangazi mmoja angenijibu kwa tusi zito. Pale walinyamaza. Ukoo wa mkeo uliletwa hapa Durban zamani kutoka pwani ya kwetu, wamezaliwa hapa vizazi na vizazi, dini wameishika, lakini utani wa bara wangeujulia wapi? Niliona nyuso zao na nikajua nimemwaga maji kwenye mchanga. Yusufu, shemeji yako, akaacha jeneza kwa wenzake, akanikaribia, akanusa mdomo wangu. Mimi ambaye sijaonja pombe tangu kipaimara.

"Kaka, siyo leo," akasema, akanishika mkono.

"Yusufu, hii ndiyo kazi yangu. Hamisi ni mtani wangu."

"Siyo leo."

Na kutoka chumba cha wanawake, dirishani, nikasikia sauti ya mkeo. Neno moja. "Mtoeni."

Wakanitoa. Sikukuzika. Nilisimama pembeni mwa barabara pale kwenye robot, taa za kuongozea magari, ikawa nyekundu na magari ya msafara wako yakasimama mbele yangu, ikawa kijani yakaenda, na hakuna aliyenifungulia mlango. Udongo wako sikuutia mkono. Siilaumu dini yako, dini yako ina adabu yake ya kuzika na ningepaswa kuja mapema kuwaeleza. Lakini ulikufa kwa haraka na ukazikwa kwa haraka, na kwetu sisi utani hauna haraka. Nilirudi nyumbani na kazi yangu mkononi kama mtu aliyeshona pazia akakuta dirisha limezibwa kwa matofali.

Kisha kukawa na eda. Mkeo ndani, mimi si ndugu na si Mwislamu, mlangoni kwake sikuwa na la kutafuta. Nikiketi kwenye taxi ya Overport mara nyingine namkuta Yusufu kiti cha mbele, namsalimu, ananijibu vizuri.

"Nataka kumwona shemeji, nimweleze tu."

"Acha dada apumzike."

"Akipumzika utamwambia?"

"Tutaona."

Tutaona. Nilimweleza padre, akaniambia nimsamehe mjane. Nikamwambia, padre, nimemsamehe siku ile ile, lakini hajacheka. Padre ni mtu mwema, mzaliwa wa huku, akanipa sala ya kusoma. Niliisoma. Nikaisoma tena nikiwa na hasira, halafu nikaungama hasira. Nilikukasirikia wewe zaidi ya wote. Miaka yote umeishi na mwanamke yule, ukamfundisha Kiswahili mpaka akachukua na lafudhi yako ya Iringa, kumbe hukumwambia kwamba una mtani, na mtani ana kazi. Ulimwambia nini? Kwamba mimi ni rafiki wa kompyuta?

Eda ilipokwisha, Yusufu alipita dukani mwenyewe. Dada anasema njoo uchukue mashine yako.

Nilikwenda Jumapili baada ya misa. Sebule yako ile ile. Yusufu akakaa kwenye kiti karibu na mlango, kama inavyopasa. Mkeo amekonda. Alituletea chai akasimama.

"Shemeji Daudi, ichukue," akasema. "Nikiitazama naona mgongo wake tu."

"Nitaichukua. Ila kuna kitu kimoja hatukukimaliza. Uniruhusu nikimalize hapa hapa, wewe ukiona."

Akasogea kando. Nikaiwasha. Wahehe wako wakajipanga kwenye kioo.

"Iko nini hapa?" akauliza. "Hawa ndio watu wenu wa Amerika?"

"Hawa si wa Amerika. Huyu ni mama mkwe wako."

Akavaa miwani. "Mbona ana masharubu?"

"Mashine haina sura za wanawake."

"Na hii ya kijani?"

"Mkono wake. Alikuwa anampiga kuku kwa mfuniko wa sufuria, amekaa, na Hamisi mgongoni."

Akakaa. Alikaa kwenye kiti chako, mtani. "Habari za kuku hakuniambia," akasema.

Basi nikamwonyesha mmoja mmoja. Mjomba wako dereva wa malori ya mbao, aliyekuwa akipiga breki kwa kuomba Mungu. Mwalimu wako wa chuo cha Kurani aliyeweza kumfikia mtoto wa safu ya nyuma kwa fimbo bila kuinuka. Mkeo alikuwa hajawahi kumwona hata mmoja wao; hukupata nauli ya kumpeleka, nawe ulikuwa unaona haya kulisema. Yeye aliuliza kila mmoja alikuwa nani, aliishi wapi, nani alimzika. Yusufu akasogeza kiti chake, akasogeza tena.

Kisha nikasema, "Sasa tumtengeneze mwenyewe. Mistari navuta mimi, ndiyo kanuni. Lakini ushahidi utoke kwa mtu wake."

Mashine ikauliza umri. Yusufu akasema mwandike kijana, huko aliko wote ni vijana. Mimi nilimtaka yule niliyemjua tulipokutana, mwenye sanduku la vifaa na shati moja. Mkeo akatikisa kichwa.

"Weka wa mwisho. Wa mvi. Akichelewa, huyo ndiye nilikuwa najua yuko wapi."

"Shemeji, nikuonye. Wa mwisho hana mbio."

"Hata wa kwanza hakuwa nazo."

Yusufu akakohoa ndani ya kikombe. Nikauacha mstari wa mbio mfupi kama ulivyokuwa. Nikauliza jicho.

"Jicho?" akasema. "Viatu vyake vikiwa mlangoni alikuwa havioni. Kila asubuhi anazunguka nyumba."

"Dada," Yusufu akasema, "marehemu hutajwa kwa mema."

"Hilo ndilo jema. Nilikuwa navificha mimi, asitoke mapema."

Sikujua niuvute wapi mstari huo. Niliuvuta mrefu, na sitakuambia kwa nini. Nguvu nikakupa za kawaida. Mkono, kwa ajili ya bisibisi yako, nikakupa wa haki. Yusufu alitaka uongezewe kila mahali, na mkeo akamkataza, akasema Hamisi alichukia kuonewa huruma kuliko alivyochukia kukosa. Alikuwa anatabasamu kidogo. Lakini kutabasamu si kucheka. Niliiona kazi yangu ikiwa karibu na ninaishindwa.

Tena hapo mashine ikaleta fitina yake. Kikosi cha Wahehe kimejaa, ikasema. Atoke mmoja ndipo aingie mmoja. Na kanuni yetu unaijua: anayemtoa mtu ni mwenye kikosi, hakuna mwingine. Mwenye kikosi ni wewe, na wewe ndiye unayeingia. Nikamwambia mkeo kwamba amerithi, achague nani aachwe. Akawatazama tena wote, mama mkwe na masharubu yake, mjomba, mwalimu.

"Nimewajua leo," akasema. "Nimfukuze nani?"

Nilikaa na mkono juu ya mashine kama mjinga. Miezi yote ile nangoja, nimefika, na marehemu wangu amekosa namba. Nilikasirika mpaka nikataka kuizima. Ndipo akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza kama kuna sukari:

"Kwako hakuna nafasi?"

Nafasi ilikuwepo. Wangoni wangu hawakuwahi kutimia. Nilitoka nyumbani mdogo, wafu ninaowajua si wengi. Lakini aliposema hivyo kikombe kilikuwa mdomoni mwangu. Nilijaribu kumeza chai ikanipalia. Yusufu akanipiga mgongoni.

"Nini?" mkeo akauliza. "Nimekosea nini?"

Nikamweleza nikiwa bado nakohoa. Kwamba Wangoni walipoondoka nchi hii kwenda kaskazini walikuwa wachache, na walikua kwa kuteka. Kila kabila walilopita waliwachukua watu wake, wakawapa ngao, wakawaita Wangoni, na watoto wa mateka wale ndio sisi, nusu yetu au zaidi. Na kwamba Wahehe wanajivunia jambo moja kuliko yote hapa duniani, kuwa wao tulipigana nao miaka na hatukuwameza. Hamisi aliniambia hilo kila Jumapili. Akiamka, akinywa chai, akifungwa mabao.

"Sasa wewe, shemeji," nikamwambia, "umemtoa leo. Hakuna mkuki, hakuna vita. Umeketi kwenye kiti chake umemkabidhi."

Alinitazama. Akaangalia kioo. Akavuta ukaya wake wa kichwani hadi mdomoni, mabega yakaanza kutikisika, na kwanza nilidhani analia.

"Kwa chai," akasema. "Nimemuuza kwa chai."

"Na haina hata maziwa," Yusufu akasema.

Hapo akacheka. Mtani, mkeo alicheka hadi akainama, akashika meza, na kaka yake akacheka, na mimi. Halafu kicheko kikageuka kuwa kile kingine, na sikumgusa, si mahali pangu, Yusufu ndiye aliyemshika bega hadi kikaisha. Mimi niliendelea na kazi. Nikakuandika katika Wangoni wa Siku Zote, mpigaji wa mwisho, umevaa jezi yetu. Aliniambia mashine ibaki pale pale.

Kwa hiyo kazi imefanyika. Imechelewa, imefanyikia mahali si pake, lakini imefanyika, na Mungu aipokee. Ningepaswa kuwa na amani.

Sina. Tangu siku ile nimekutupia tusi kubwa kuliko yote ambayo Mngoni amewahi kumtupia Mhehe, na umenyamaza. Nikipita mlangoni kwako nalisema tena moyoni, nangoja, na ninajua kabisa ungesema nini, ninaijua na sauti, lakini nikilisema mimi mwenyewe halina ladha. Nani amewahi kujitukana akapona? Padre aliniambia wafu wetu wanatusikia. Ninaamini. Ila utani, mtani wangu, hautaki wa kusikia tu.

Hivyo nawaambia Wahehe wote mlioko Durban hii, mnaouza, mnaosoma, mnaolinda milango ya watu: ndugu yenu nimemteka, na mke wake ndiye aliyenifungulia lango. Kama bado mna midomo, mimi nipo dukani kwa mapazia pale Overport, kila siku isipokuwa Jumapili. Njooni mnitukane.

Wewe pumzika kwa rehema za Mola wako na wangu, na usimsumbue Shangazi Sista uwanjani.

Ni mimi mtani wako, na sasa bwana wako,
Mngoni